Nyanya za mbegu za asili kwenye joto: anza na hesabu ya usiku

Kabla hujanunua mbegu, jua kwanza usiku wa kwenu una joto kiasi gani mwezi ambao maua yatafunguka. Mche wa nyanya haulalamiki joto likizidi. Unarefuka, unajaa majani, kila anayepita anausifu, halafu maua yanapukutika yote na tunda hulioni. Wengi hapo hukimbilia kuongeza mbolea, na wanazidi kulisha majani. Tatizo liko kwenye chavua. Mchana ukizidi nyuzi 32 na usiku ukagoma kushuka chini ya 21 au 22, chavua huharibika, na ua lisilochavushwa hudondoka likikatikia pale kwenye kifundo kidogo katikati ya kikonyo. Ukiokota maua chini yakiwa na kipande kifupi cha kikonyo, umepata jibu lako.

Basi hesabu kwa kurudi nyuma. Miche hukaa kitaluni wiki 5 hadi 6, na baada ya kupandikizwa huchukua wiki kadhaa kufikia maua. Sia miezi miwili na nusu hivi kabla ya kipindi cha ubaridi. Maana yake utasia jua likiwa bado kali, na udongo wa trei ukipita nyuzi 35 mbegu nyingi hazioti. Weka trei kivulini, fukia mbegu nusu sentimita tu, mwagilia asubuhi. Maji ya jioni yanayolala kwenye udongo huita kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche mchanga, na miche hulala chali kama iliyofyekwa.

Kuhusu aina, msianze na Brandywine. Najua ndiyo inayosifiwa kwa utamu, lakini huchelewa kuzaa na joto huishinda mapema. Nyanya ndogo za cheri hushika matunda hata hali ikiwa ngumu. Kwa tunda la wastani, jaribuni Arkansas Traveler. Kubwa zije msimu wa pili.

Pandikiza jioni, ukifukia shina hadi karibu na majani ya juu, kwa kuwa sehemu iliyozikwa hutoa mizizi. Kisha matandazo mazito. Doa jeusi lililobonyea kitakoni mwa tunda mara nyingi hutokana na maji ya leo mengi, kesho hakuna; maganda ya mayai hayatakuokoa hapo.

Mbegu za asili nyingi hazina kinga ya mnyauko kama ile iliyoingizwa kwenye chotara kadhaa, yaani mbegu za kuchanganya aina mbili. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina la chini, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, ni bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa, na hapo usipande tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa.

Mbegu za kutunza zitoke kwenye mmea uliozaa wakati wenzake wakipukutisha, si kwenye tunda kubwa kuliko yote. Kamulia kwenye kikombe, acha siku 2 au 3 hadi ute uachie na harufu ikukere, osha, anika kivulini juu ya sahani. Kwenye karatasi zitaganda, na utazibandua kwa kucha.