502 ni ya bawabu, 404 huenda ni yako

Sheikh, umesema seva umeiweka mwenyewe nyumbani, ukurasa wa duka unafunguka vizuri, ila ukituma oda /api/oda inarudisha 502 (seva ya mbele haikupata jibu zuri kutoka ndani), na jana ulipogusagusa mipangilio ikageuka 404 (njia haikupatikana). Usifute kitu kwanza. Namba hizo mbili hazisemwi na mtu mmoja.

502 anaiandika nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti na kuyapeleka ndani kwa programu yako. Yeye bawabu tu: kapokea ombi, kaenda kubisha ndani, hakuitikiwa. Kupekua msimbo wa programu ya oda usiku kucha ni kujichosha bure. Fungua /var/log/nginx/error.log. Ukikuta "111: Connection refused", basi kwenye poti ile, namba ambayo programu husikilizia, hapana anayesikiliza.

Yalinikuta Chake Chake. Ami yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, nikamfungia kikompyuta cha kuhesabia stoki, chini ya meza, ubavuni mwa makopo ya rangi. Kila umeme ukikatika na kurudi, 502. Ananipigia: "Mtambo wako umelala tena," na mauzo keshayaandika kwenye daftari. Nikifika, nikiiwasha programu kwa mkono inaamka bila tabu, na hilo ndilo lililonipoteza wiki mbili nzima. Kumbe umeme ukirudi, programu inaamka kabla ya Postgres, inaikosa hifadhidata, inakufa papo hapo. Restart=on-failure, yaani iwashwe tena ikifa, nilishaiweka, nikajiona nimemaliza kazi. Lakini systemd, msimamizi wa kuwasha programu kwenye Linux, usipoiambia kitu husubiri milisekunde 100 tu ndipo iwashe tena, na ikishawasha mara 5 ndani ya sekunde 10 inasusa. Mara zote tano zinakwisha Postgres bado inafikicha macho! Siri ilikuwa kwenye journalctl -b (kumbukumbu za mashine tangu ilipowaka) muda wote: "Start request repeated too quickly". Nikaongeza RestartSec=5, isubiri sekunde 5 kabla ya kuwasha tena. Umeme umeshakatika mara nyingi tangu hapo, Ami hajanipigia. Daftari lakini hajaliacha.

Sasa 404 yako. Ingia ndani ya seva, mpite bawabu, uulize programu yenyewe kwa curl (amri ya kutuma maombi ya wavuti): curl -i http://127.0.0.1:8000/api/oda, na poti weka yako. Ikijibu 405 usishtuke, curl imetuma GET (ombi la kusoma) na wewe umeruhusu POST (la kutuma data) tu, njia ipo. Ikiwa hapo inajibu na kupitia nginx ni 404, mimi natuhumu mkwaju (/) mmoja. Kwenye mipangilio ya nginx, chini ya location /api/, ukiandika proxy_pass http://127.0.0.1:8000/, kwa mkwaju wa mwisho, nginx inaikata /api/ na programu inaletewa /oda, njia isiyoijua. Utoe mkwaju, ombi lifike zima. Piga nginx -t kabla ya kuipakia upya, isije ikawa umeangusha na ukurasa uliokuwa mzima.

Kama nginx umeiweka ndani ya Docker (kila programu kwenye kontena, kisanduku chake peke yake), 127.0.0.1 ni kontena lake lenyewe, si mashine yako. Tumia jina la kontena la programu, na yote mawili yawe mtandao mmoja.

Ikigoma bado, tubandikie mstari wa mwisho wa error.log na hilo fungu la location kama lilivyo, usilisafishe.