Kuufuatilia msimu wa ECHL bila kudanganywa na msimamo

Boise ya Idaho na Portland ya Maine ni miji ya Marekani yenye Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na kila mmoja una timu yake ya hoki ya barafu ya kulipwa: Idaho Steelheads na Maine Mariners. Zote mbili zinacheza ECHL, ligi iliyoanza 1988, ambayo iko chini ya ligi ya AHL, nayo AHL iko chini ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini. Tiketi ni nafuu kuliko za NHL na mchezo ni wa kasi. Tatizo ni kwamba aliyekulia kwenye soka huanza kwa kuangalia msimamo na mfungaji bora, na hayo mawili ndiyo yanayopotosha zaidi huku.

Kikosi cha ECHL hakitulii. Katika misimu ya karibuni Mariners wamekuwa wakilelewa na Boston Bruins wa NHL, ambao timu yao ya AHL ni Providence Bruins. Mchezaji akiumia Boston, anapandishwa mmoja kutoka Providence, kisha pengo la Providence linazibwa kutoka Portland, pengine asubuhi ya siku ya mechi. Ni kama mkopo unaoweza kuvunjwa wakati wowote. Kwa hiyo ukitaka jezi yenye jina, usinunue ya kijana anayefunga kila wiki mwezi wa Novemba, maana huyo ndiye wa kwanza kuondoka. Nunua ya mkongwe. Kanuni inaruhusu wakongwe wanne tu kwa timu, yaani wachezaji waliokwisha kucheza mechi za kulipwa 260 au zaidi za msimu wa kawaida (makipa hawahesabiwi), na kocha hawaachii ovyo hao wanne.

Kabla ya mechi, fungua kwanza orodha ya uhamisho ya siku hiyo kwenye tovuti ya ligi. Kisha angalia kipa ni nani. Kipa mmoja mzuri akipandishwa AHL, timu iliyokuwa inashinda inaweza kuyumba wiki nzima, wala kocha si wa kulaumiwa. Makipa wa kweli hupitia huku: Jonathan Quick alichezea Reading Royals kabla ya kutwaa Stanley Cup, kombe la NHL, na Los Angeles Kings 2012 na 2014, Jordan Binnington alipita Kalamazoo Wings, akatwaa kombe hilo na St. Louis Blues 2019. Ukiwahi uwanjani wakati wa kupasha misuli, kipa anayeongoza wenzake kuingia kwenye barafu kwa kawaida ndiye atakayeanza.

Msimu wa kawaida una mechi 72, nyingi zikirundikwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kwa sababu ndizo siku watu wanakuja. Mechi tatu kwa siku tatu, na basi usiku katikati. Jumapili mchana angalia kipindi cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho: zamu ya mchezaji, yaani muda anaokaa kwenye barafu kabla ya kubadilishwa, kawaida ni kama sekunde 45, lakini hapo inaweza kufika dakika nzima. Miguu ikichoka, timu hubutua paki (kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa) kutoka nusu yake hadi nyuma ya lango la wapinzani. Refa anasimamisha mchezo, paki inarudishwa karibu na lango la waliobutua, na wachezaji wao waliokuwa ndani hawaruhusiwi kubadilishwa. Magoli ya Jumapili huweza kuzaliwa hapo. Ukilinganisha timu mbili, uliza nani alilala kwake Jumamosi.

Na matokeo ya 4-1 usiyaamini haraka. Anayefungwa humtoa kipa dakika mbili za mwisho ili aongeze mshambuliaji, kisha anapigwa kwenye lango tupu. Huenda mechi ilikuwa 2-1 hadi hapo.

Kwenye msimamo, ushindi ni pointi 2, na anayefungwa katika muda wa nyongeza au mikwaju anapata 1. Timu hazilingani idadi ya mechi kwa muda mrefu, hivyo zidisha idadi ya mechi kwa mbili, kisha gawanya pointi kwa jibu hilo. Mwenye 40 kwa mechi 32 ana 0.625, mwenye 42 kwa mechi 36 ana 0.583, ingawa ndiye anayeonekana juu.

Wiki mbili tatu za Oktoba usizihesabu sana, maana wachezaji bado wanashushwa kutoka kambi za AHL. Machi msimu wa vyuo vikuu unapoisha, vijana wapya wanaingia. Aprili, timu nne za juu za kila kanda huingia mtoano wa kuwania Kelly Cup, kombe la ECHL, na kila raundi anapita anayetangulia kushinda mechi nne. Hapo rudi kwenye ile orodha ya uhamisho: mara tu timu ya AHL inayokulea inapotolewa, baadhi ya waliopandishwa wanarudishwa kwako, na mpinzani uliyemwona dhaifu Machi anaweza kuja na kipa tofauti.