Logi za rauta hazijapotea, wewe umetafuta tarehe gani?

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Watamu, anasema, "Kaka, rauta ya mteja ilikuwa inatuma logi kwenye seva yangu bila shida, tangu stima ikatike Jumapili hakuna kitu, nishaifuta rsyslog nikaiweka upya mara mbili na bado." (Logi ni maandishi ya kila kinachotokea kwenye rauta, na rsyslog ni programu ya seva inayoyapokea na kuyaandika kwenye faili.) Nilipofika hapo kwenye "tangu stima ikatike" nikaiweka simu chini, manake mambo yote ya Shela, kule Lamu, yalinirudia.

Wengi mnaosoma hapa mnafanya kazi kama yangu, una gesti hapa, duka kule, na hamu yako ni ukae Malindi uzione rauta zote za pwani kwenye skrini moja bila kupanda basi. Nami nilikuwa hivyo. Nilimfungia mzee mmoja wa Lamu intaneti ya gesti yake, kuta za matumbawe nene vile zinameza waifai kwa hiyo nilizungusha waya nyumba nzima hadi darini kwa mikono yangu, na rauta nikaiambia itume logi zake kwenye seva yangu kupitia VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti. Nilijivunia kazi ile, na mpaka leo najivunia.

Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi, asubuhi mgeni akadai arudishiwe pesa, eti intaneti haikuwepo usiku kucha. Mzee akanipigia, "Mwanangu, wewe si ulisema kila kitu kinaandikwa? Nipe hayo maandishi." Nikamwambia ami, nipe nusu saa. Nikafungua faili, nikasachi tarehe ya jana, laini ya mwisho ni ya saa 3 usiku. Ya leo, hakuna. Baada ya saa 3 usiku ni kimya.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kutulia nikaanza kugusa kila kitu, nikazima faiawoli, ule ukuta unaochuja yanayoingia kwenye seva, nikabadilisha poti, ile namba ya mlango wa kupokelea, nikairudisha, nikawasha seva upya, siku mbili zikaisha. Mwishowe nikapanda basi, Garsen, Witu, nikashuka Mokowe nikachukua boti. Nikamkuta mzee amekaa dakani na jamaa zake, na hapo hapo mbele yao akaniambia logi nimezifuta mwenyewe nifiche kazi mbovu. Mimi! Nilisimama pale na begi mgongoni sina neno. Wallahi lile neno bado liko kifuani.

Usiku ule ndani ya chumba cha gesti ndio nikafanya jambo ambalo lilitakiwa kuwa la kwanza. Niliingia kwenye seva nikaandika `tcpdump -ni any udp port 514`, amri ya kuonyesha paketi, yaani vifurushi vya data vinavyofika, nikangoja. Paketi zikaanza kuingia. Zinaingia! Rauta haijawahi kuacha kutuma. Nikafungua faili tena bila kusachi tarehe, nikashuka chini kabisa, laini mpya zipo chungu nzima na zote zimeandikwa Jan 1, Jan 2, Jan 3. Nilikuwa nimezipita mara ishirini nikidhani ni za mwaka mpya.

Rauta nyingi ndogo hazina betri ya saa ndani. Umeme ukikatika saa inasahau, ile ikawaka ikidhani ni Jan 1, 1970. Na ule mtindo wa zamani wa kutuma logi, syslog, ulioelezwa kwenye hati ya kiufundi RFC 3164 ya 2001, hauandiki mwaka, ni mwezi, siku na saa tu, kwa hiyo huoni 1970 mahali popote ukashtuka. Saa mimi niliiweka kwa mkono siku ya kufunga, NTP, ile inayorekebisha saa yenyewe kupitia mtandao, sikuwasha. Hilo ni kosa langu na nimemwambia mzee hivyo hivyo.

Nikalinganisha saa ya rauta na saa ya kweli, nikapiga hesabu kurudi nyuma, intaneti ilikosekana dakika 40 na si usiku kucha. Lakini mgeni alisharudishiwa pesa na kazi ikapewa mtu mwingine.

Kwa hiyo mdogo wangu, anza na tcpdump kwenye seva. Inaziona paketi kabla faiawoli haijazigusa, ndio maana ni shahidi mzuri. Paketi zikionekana na faili ni tupu, basi ni faiawoli au rsyslog, angalia kama laini za imudp (sehemu ya kupokea logi kwa UDP) kwenye faili la mipangilio rsyslog.conf bado zina alama ya reli (#) mbele, manake kwenye Debian na Ubuntu zinakuja zimefungwa. Zisipoonekana, shida iko njiani au kwenye rauta. Chomeka laptopu upande wa rauta utume jaribio, `logger -n` na anwani ya seva, kisha `-P 514 -d jaribio`. Likifika, rudi kwenye rauta uangalie anwani, poti, na kiwango cha uzito wa logi, kwa mfano rauta ya Cisco kwa kawaida inatuma mpaka informational (taarifa za kawaida), za debug (za undani kabisa) hutaziona ukingoja mwaka. Tena rauta yenye laini mbili za intaneti ikihama laini inaweza kutuma na anwani nyingine, na kama seva inachuja kwa anwani basi zinaenda faili jingine.

Na masaa pia. Rauta ikiwa kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa masaa matatu, mteja akikwambia saa 3 usiku wewe tafuta 18:00, si 21:00.

Washeni NTP jamani. Kwenye templeti ya rsyslog, yaani muundo wa kuandika kila laini, wekeni timegenerated, ndiyo saa ambayo seva yenyewe imepokea, rauta ikichanganyikiwa hiyo haidanganyi. Na logi za wakati laini ya intaneti iko chini, UDP, njia inayozituma, hairudii kutuma, zimekwenda, msimuahidi mteja kitu ambacho hakipo. Acheni kufuta futa programu kabla hamjaangalia, mteja hajui rsyslog wala nini, yeye anajua uliahidi maandishi na hukuleta, na jina lako linabaki pale dakani wewe ukisharudi zako Malindi.

Kijana wa Watamu, usibadilishe kitu tena kwenye seva. Fungua faili, tafuta Jan 1, halafu nijibu.