Maswali ya Wasomaji: Namba ya Hita Inapoleta Ugomvi Nyumbani

SWALI: Mshauri, pokea salamu kutoka Ngaramtoni, Arusha. Mimi ni mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wa kumi tangu niolewe. Mwaka jana tulinunua hita ya umeme, ile ya mafuta yenye mapezi kama ya rejeta na swichi ya kuzungusha yenye namba 1 hadi 6, tukidhani tumemaliza taabu ya baridi ya Juni na Julai. Kumbe tulinunua ugomvi. Mume wangu amekulia Marangu, mimi nimekulia Tanga. Yeye akiingia chumbani huirudisha namba 2 na kusema nyumba imekuwa tanuri. Mimi nikiamka usiku wa manane miguu imekufa ganzi, naipandisha hadi 6, naye akisikia ule mlio wa “kach” anaamka na maneno yanaanza. Anasema yeye ndiye anayenunua umeme, kwamba uniti moja ni karibu shilingi 356, na kwamba hita inakula uniti 16 kila usiku. Juzi tulilala vyumba tofauti. Isitoshe, mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, yuko kwetu tangu mwezi wa tano kwa matibabu ya goti. Yeye halalamiki, anajifunika mablanketi mawili, na siku hizi mbili tatu amekuwa akimwomba binti wa kazi amwekee chumbani makaa yaliyobaki jikoni kabla ya kulala. Naomba utuamue: namba iliyo sahihi ni ipi, na nani ana haki ya kuipanga?
Mama Wawili, Ngaramtoni

JIBU: Dada yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye jambo ulilolitaja mwishoni kana kwamba ni dogo, yaani makaa yanayoingizwa chumbani kwa mama. Tafadhali, kuanzia usiku wa leo yasiingie tena, hata kama hamjapatana kuhusu hita. Makaa yaliyokwisha kushika vizuri hayatoi moshi, na ndiyo maana watu huyaamini. Lakini ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo hushikamana na himoglobini, yaani kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka huku ikiwa haibebi tena kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Anayeivuta huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, kisha usingizi humchukua, na aliyekwisha kulala hana njia ya kujua kwamba yumo hatarini. Ikiwa mama ameamka siku hizi na kichwa kizito, usidhani ni uzee au uchovu wa matibabu: mpeleke hospitali, na umweleze daktari waziwazi kwamba alilala na makaa. Binti wa kazi naye aelezwe sababu kwa upole. Alimtii mkubwa, na akikatazwa tu bila kuelezwa, ataombwa tena na atatii tena.

Sasa jiulize kwa nini mama aliomba makaa kwa binti na hakuomba hita kwenu. Wewe ni mtoto wake na unaijua haya ya mtu mzima anayekaa kwa mkwewe. Hawezi kuanza kuhesabu anachokikosa katika nyumba ya mwanamume aliyemwoa binti yake. Kama mnagombana usiku kiasi cha kuhama vyumba, bila shaka amewasikia kupitia ukuta, akajua kwamba kitu kile kina gharama na kimewafarakanisha, akaona afadhali atafute joto lake kimyakimya. Ninyi wawili mmekuwa mkivutana juu ya chumba kimoja, na katika nyumba hiyohiyo mtu anayeumia kwa baridi kuliko ninyi nyote hana hita kabisa. Katika barua yote hilo ndilo lililonisikitisha zaidi, nami siliandiki ili kukulaumu.

Kuhusu namba, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu makazi na afya, lilitaja nyuzijoto 18 za Selsiasi kuwa kiwango salama cha joto la ndani majira ya baridi katika nchi zenye baridi, na likaongeza kwamba wazee, watoto wadogo na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi ya hapo. Mwongozo huo haukuandikwa kwa ajili ya Arusha, lakini mji wetu uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ninyi wa Ngaramtoni mko juu zaidi, na mwezi wa saba wingu la Mlima Meru huweza kukaa siku nzima bila kutuonyesha jua. Kwa hiyo tatizo lako si deko. Nunueni kipimajoto cha chumbani, mkitundike mbali na hita na mbali na dirisha, mkisome saa kumi na moja alfajiri, wakati baridi inapokuwa kali kuliko saa zote. Mkikuta 14 mtajua mnagombania nini; mkikuta 19 pia mtajua.

Nasisitiza kipimajoto kwa sababu zile namba 1 hadi 6 si nyuzi. Ndani ya swichi ile mara nyingi huwa kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikanishwa, ambazo hazitanuki kwa kiasi kimoja zinapopata joto. Kipande hicho hupinda, hukata umeme, na kikipoa hunyooka na kuurudisha. Ule mlio wa “kach” unaomwamsha mumeo ndio huo. Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo lingekuokoa na nusu ya ugomvi, ni kwamba kuipeleka hita namba 6 hakukipashi chumba joto haraka zaidi. Inachemka kwa kasi ileile kama ikiwa namba 3, tofauti ni kwamba ya 6 inachelewa kukata. Ukiamka na baridi ukazungusha hadi mwisho, unapata joto wakati uleule ambao ungelipata kwa namba 3, kisha unapitiwa na usingizi, na saa mbili baadaye mumeo anatupa blanketi akilowa jasho.

Mumeo asikudhanie unajidekeza, na wewe usimwite bahili kabla hamjakaa mkaelewana, kwa maana miili haifanani. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi, Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt, walionyesha katika jarida la Nature Climate Change kwamba vipimo vya joto vilivyokuwa vikitumika maofisini vilitokana na mwili wa mwanamume wa makamo, na kwamba miili ya wanawake waliowapima ilizalisha joto kidogo kuliko vipimo hivyo vilivyodhani. Mzee naye huzalisha joto dogo kuliko kijana. Basi katika nyumba yenu, yule ambaye mwili wake hauisikii baridi sana ndiye amekuwa akiwapangia wanaoisikia.

Kuhusu umeme, mumeo ana hoja, ila hesabu yake ina kasoro. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo uniti 16 amezipata kwa kuchukua wati 2,000 za hita na kuzizidisha kwa saa nane, ambayo kwa bei yenu ni karibu shilingi 5,700 kwa usiku mmoja. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama hita isingekata hata mara moja. Kila inapolia na taa yake ndogo kuzimika, haili umeme. Someni salio la umeme kwenye mita ya LUKU saa tatu usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi, usiku mmoja hita ikiwa imewashwa na usiku mwingine ikiwa imezimwa, muone tofauti yenyewe. Kisha zibeni mahali joto linapotorokea, kwa sababu chumba cha matofali ya saruji chini ya bati lisilo na dari hupoteza usiku kila mnachokilipia. Fungeni madirisha mapema jioni badala ya kungoja giza, wekeni mapazia mazito yanayofika chini, na kitambaa kilichoviringishwa kwenye mwanya wa chini ya mlango. (Ninayasema haya kwa chumba chenye hita ya umeme tu. Chumba chenye makaa hakizibwi, na wala makaa hayaingii.) Sweta na soksi za kulalia pia si aibu. Rais Jimmy Carter wa Marekani, alipowahutubia wananchi wake Februari 1977 wakati wa uhaba wa gesi, alikaa mbele ya kamera amevaa sweta, akawaomba washushe joto la nyumba zao hadi nyuzi 65 za Farenhaiti mchana, ambazo ni kama 18 za Selsiasi, na 55 usiku, ambazo ni kama 13. Lakini ombi la namna hiyo humfaa mtu mwenye afya. Asiombwe mama mwenye umri wa miaka 71 na goti bovu.

Umeniuliza nani ana haki ya kupanga. Anayenunua umeme ana haki ya kujua fedha yake inakokwenda, na ana haki ya kusema kiasi ambacho hawezi kukizidi kwa mwezi. Kiasi hicho kikishatajwa, ndani yake apewe kwanza mwenye kuumia zaidi. Kwa hiyo uamuzi wangu ni kwamba hita ihamie chumbani kwa mama. Ombi hilo lipeleke kwa mumeo mchana, akiwa ameshiba na wewe umetulia. Usilipeleke saa nane ya usiku. Ingependeza wajukuu ndio waibebe na kumwambia bibi kwamba baba amesema ni yake hadi baridi iishe, ili mama aipokee kama heshima kutoka kwa mkwewe na aache kuiona kama deni. Tafuteni namba inayoshikilia nyuzi 19 au 20 chumbani humo, muiwekee alama kwa rangi ya kucha, na mkono wa mtu usiizungushe tena. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, maana waya mwembamba wa ekstensheni hupata moto kwa mzigo wa wati 2,000. Ikae mbali na chandarua, na isianikwe nguo juu yake.

Kwa ajili yako na miguu yako, nunua chupa ya mpira ya maji ya moto. Kuchemsha lita moja na nusu hutumia kama sehemu ya saba ya uniti, yaani takribani shilingi 50. Maji yapoe kidogo kabla ya kuyatia, chupa ivikwe kitambaa, na uiweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Nakuomba urudi chumbani kwako usiku wa leo.

SWALI: Tunaishi wapangaji watatu Majengo, Moshi, kwa mita moja ya LUKU, na tunachanga sawasawa. Jirani aliyejifungua mwezi uliopita amenunua hita ya wati 1,500 na umeme unaisha kabla ya siku zake. Tumwambie aizime?
Mpangaji, Moshi

JIBU: Msimwambie aizime. Moshi iko chini kuliko Arusha na baridi yake ni nafuu, lakini mtoto wa mwezi mmoja hupoteza joto upesi, na mama yake ndiye anayemjua. Mwombeni aandike saa anazoiwasha. Saa nne kwa siku ni uniti 6 kwa hesabu ya juu kabisa. Hizo azilipe yeye, na kinachobaki mgawane kwa tatu kama zamani. Mwenye nyumba akikubali, fundi umeme mwenye leseni anaweza kumfungia kila mpangaji mita yake ndogo, na hapo hakuna atakayehesabu saa za mwenzake. Hadi mita hizo zifungwe, karatasi ya saa ibandikwe karibu na mita, mahali ambapo wote watatu mnaweza kuisoma.