Jumatatu iliyoangusha majaribio

Kompyuta yangu huzungumza Kiswahili tangu nianze kazi hii. Siku moja nilipakua mradi wa programu huria ulioandikwa kwa Java, nikarekebisha jambo dogo, nikaendesha majaribio yake, yaani programu fupi zinazokagua kama msimbo (maandishi ya programu) unafanya kazi sawasawa. Tisa yakaanguka. Nilikesha nikipekua mabadiliko yangu mstari kwa mstari. Alfajiri nikayafuta yote na kuendesha upya: tisa yale yale. Ndipo nikausoma ujumbe kwa utulivu. Lilitarajiwa "Monday", likapatikana "Jumatatu".

Kwa hiyo, nakusihi, endesha majaribio kabla hujagusa chochote. Yakianguka, yaendeshe tena ukitanguliza LC_ALL=C kwenye amri (kwenye Linux), ili programu isitumie lugha ya kompyuta yako. Yakipita, tatizo ni lokali, yaani mpangilio wa lugha na eneo ambao programu huurithi kutoka kwenye kompyuta.

Wengi huishia hapo. Wanaifunga lokali iwe moja kwa majaribio yote, basi. Kuna mahali hilo linafaa: Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, huweka LC_ALL=C na saa za UTC mwanzoni mwa majaribio yake. Lakini usikimbilie huko, maana jaribio lililoanguka huenda limekuonyesha kosa litakalomfika mtumiaji.

Jiulize kwanza maandishi hayo yatasomwa na nani: mtu au mashine? Katika yale tisa, manane yalihusu majina ya siku na miezi kwenye skrini. Msimbo ulifanya vema kuniandikia Jumatatu. Jaribio ndilo lililodhani kila mtu anasoma Kiingereza. Dawa yake ni jaribio kutaja lokali linayoitaka.

La tisa ndilo lililonishtua. Programu ilikuwa inatuma tarehe kwenye kichwa cha ombi la HTTP (utaratibu wa mawasiliano ya tovuti), na kwenye kompyuta yangu iliandika "Jumatatu, 03 Jun 2024". Kanuni za HTTP zinataka "Mon", popote ulipo. Seva ya upande wa pili haina wajibu wa kujua Jumatatu ni nini. Hapa jaribio lilikuwa na haki, msimbo ndio wenye kosa: DateTimeFormatter.ofPattern, amri ya Java ya kupanga tarehe, isipopewa lokali huchukua ya kompyuta. Niliipa Locale.US. Kama ningefunga majaribio yote kwa Kiingereza, kosa hilo lingebaki kimya likiwasubiri watumiaji wa Kiswahili, na mimi mmojawapo.

Lokali yako pekee haitoshi kukuonyesha yote. Tanzania na Kenya tunatenga desimali kwa nukta, lakini Kiswahili cha Kongo hutumia mkato: String.format("%.2f", 1250.5) inakupa "1250,50", na ukiiandika hivyo kwenye faili la CSV, ambalo hutenga safu kwa mkato, bei moja inagawanyika kuwa safu mbili. Kituruki nacho kina i mbili, yenye nukta na isiyo nayo, hivyo "TITLE" ikigeuzwa herufi ndogo inakuwa "tıtle" na haifanani tena na neno ulilokuwa unalitafuta. Maandishi ya namna hiyo, yanayokwenda kwa mashine, yape Locale.ROOT, lokali isiyo ya lugha wala nchi yoyote.

Mimi sasa huendesha kila mradi mara moja kwa Kituruki kabla ya kutuma mabadiliko, kwa amri ya Maven (mvn), chombo cha kujenga miradi ya Java:

mvn test -DargLine="-Duser.language=tr -Duser.country=TR"

Usiziandike -Duser moja kwa moja baada ya mvn. Majaribio huendeshwa na Java nyingine, na thamani hizo huifikia baada ya kuwa imeshachagua lokali yake. Na jaribio linaloita Locale.setDefault, yaani linalobadilisha lokali ya programu nzima, lirudishe ya zamani likimaliza, la sivyo litaangusha majaribio ya jirani yasiyo na hatia.

Ukiona maneno mawili yanafanana kabisa machoni na bado jaribio linakataa, chunguza nafasi iliyo kati ya herufi. Tangu JDK 20 (toleo la 20 la Java), "3:05 PM" ya Kiingereza cha Marekani ina nafasi nyembamba, yenye namba ya herufi U+202F, kabla ya PM. Hilo lilinilia mchana mzima.

Unapowaandikia wasimamizi wa mradi, anza na amri ya kulizalisha kosa, ndipo maelezo yafuate. Kompyuta zao huenda ziko kwa Kiingereza na kwao kila kitu kinapita. Nilipotaja kosa kwa maneno matupu, niliambiwa hawalioni. Nilipowapa amri ya mstari mmoja yenye sw na TZ (Kiswahili na Tanzania) ndani yake, Jumatatu ikatokea kwenye skrini zao pia.