Kumvua papa mkubwa ukiwa ufuoni Malindi, na kumwachia akiwa hai

Umeuliza kama mtu anaweza kuvua papa wakubwa kutoka ufuoni, kati ya Malindi mjini na Mambrui, kisha awaachie bila kuwaua, na ajiandae na vifaa gani. Inawezekana. Ila papa aliyeondoka akiogelea si lazima awe amepona. Baadhi hufa saa kadhaa baadaye huko kilindini ambako humuoni tena. Kwa hiyo vifaa vyote ninavyovitaja hapa vina kazi mbili: kufupisha mvutano, na kumwezesha samaki kufunguliwa bila kutoka majini. Kama hujavipata, usitupe mshipi.

Kwanza mahali. Kusini, upande wa Casuarina, ni hifadhi ya taifa ya bahari tangu 1968 na uvuvi ni marufuku kabisa. Eneo la akiba linaloizunguka nalo lina masharti yake, basi ulizia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema. Leseni ya uvuvi wa michezo ichukue ofisi ya uvuvi, halafu uende ukazungumze na BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, ya bandari iliyo karibu na utakapovulia. Hilo la BMU wageni hulipuuza, na hapo ndipo ugomvi huanzia, kwa sababu wavuvi wana majarife yao, yaani nyavu kubwa, majini. Papa wako akikimbia na mita 300 za uzi atapita ndani ya jarife la mtu, na hasara itakuwa ya mwenye jarife.

Pwani ya kaskazini ya mji, kuelekea mdomo wa mto Sabaki, ndiyo yenye papa mnene wa pua butu, Carcharhinus leucas, ambaye hupenda maji ya mto na tope lake. Papa chui, yule mwenye mistari ubavuni, naye hupita. Lakini pale mdomoni penyewe pana viboko na mamba, na usiku viboko hupanda nchi kavu kula majani. Kaa mbali na mdomo, na mbali kabisa na wanapoogea watu. Kumwaga damu na matumbo ya samaki ili kuwaita papa ufuoni ni kosa, hata kama ufuo ni mtupu saa hiyo.

Wakati unaofaa ni kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, bahari ikiwa imetulia. Kusi, upepo wa kusini, huleta mawimbi makubwa kwenye ghuba ya Malindi, na mtu anayemshika papa kwenye mawimbi ya kusi ataangushwa juu ya meno. Ubaya wa kaskazi ni kwamba maji huwa ya moto, na maji ya moto yana oksijeni kidogo, hivyo samaki huchoka upesi na hurudisha nguvu polepole. Ndiyo maana napendelea alfajiri.

Kuhusu maji, wengi huangalia bamvua peke yake, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Mimi nasema chagua siku za maji mafu, ambapo hujaa na kupwa kidogo. Bamvua hapa bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake hukokota chambo hadi ufukweni. Pia yakipwa, mchanga hubaki tambarare mbali sana: papa wa mita 3 hukwama kwenye maji ya kifundo cha mguu ilhali bado yuko mbali nawe, na kila anapojipindua analima mchanga kwa tumbo. Tega saa 2 kabla ya maji kujaa, toa mshipi saa 1 baada ya kujaa. Ukiongeza hapo utamfungulia samaki nchi kavu.

Vifaa sasa. Fimbo iwe fupi na ngumu, futi 6 au 7, kwa kuwa chambo hakirushwi, hupelekwa kwa kayaki au ngalawa mita 150 hadi 300. Rili, gurudumu la kuzungushia uzi, ibebe angalau mita 600 za uzi wa kusuka wa paundi 100, na juu yake mita 80 au 100 za nailoni ya unene wa milimita 1. Nailoni hiyo hunyumbuka, na hustahimili mchanga kuliko uzi wa kusuka. Breki ya rili ipime kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kutega: paundi 28 hadi 33, yaani kama theluthi ya nguvu ya uzi. Kukisia kwa mkono hakufai. Breki legevu ndiyo inayoua papa, maana mvutano wa saa mbili humjaza asidi misuli hata akiachiwa hawezi kuusukuma mwili wake.

Sehemu ya mbele ifunge hivi. Kwenye ndoana, mita 1 ya waya wa chuma uliosukwa, unene wa milimita 1.5 hadi 2. Kisha swiveli nzito, kiungo kinachozunguka ili uzi usijisokote, kisha mita 5 za nailoni ya milimita 2. Waya ni kwa ajili ya meno. Nailoni nene ni kwa ajili ya ngozi na mkia: ngozi ya papa ni msasa, na anapogeuka kukimbia, uzi hulala ubavuni mwake wote. Ndiyo maana sehemu ya mbele lazima iwe ndefu kuliko samaki mwenyewe. Ikiwa fupi, mkia utakata uzi mwembamba na papa ataondoka akiburuta waya na makumi ya mita za uzi, ambao utanasa kwenye mwamba.

Ndoana moja tu kwa kila chambo, ya duara, namba 18/0 hadi 20/0, ile ambayo ncha yake imegeukia shina. Isiwe ya chuma kisichoshika kutu. Ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha ubane kwa koleo hadi ulale. Papa akichukua chambo usipige fimbo juu. Mwache aende, kisha kaza breki taratibu. Ndoana itateleza na kushika pembe ya taya. Ukipiga, utaichomoa, au utaikwamisha kooni.

Chambo kiwe kibichi: kipande cha jodari mdogo au mkizi wawili watatu, kilo 2 hivi, ncha ya ndoana ikiwa wazi nje ya nyama. Badala ya chubwi la risasi tumia jiwe la kilo 1 lililofungwa kwa uzi mwembamba wa pamba. Papa akivuta, uzi hukatika, jiwe hubaki chini bila madhara, na samaki hapigani na uzito wa ziada.

Tega mshipi mmoja peke yake. Papa wawili kwa wakati mmoja maana yake ni mmoja kungoja huku akifa.

Mvutano ukifika dakika 30 na bado yuko mbali, ongeza breki na urudi nyuma kwa miguu badala ya kusimama ukipampu fimbo. Mkanda wa kiunoni wa kuegemezea fimbo uwe wa kufunguka kwa mkono mmoja.

Ukiona pezi la mgongoni refu jembamba na kichwa cha nyundo, sahau picha na vipimo. Papa huyo huchoka hadi kufa kuliko wengine wote, na yule mwenye kichwa chenye vijipinda mbele, Sphyrna lewini, yumo katika orodha ya walio hatarini mno kutoweka. Mvute hadi waya ufikike, ukate karibu na mdomo, mwache aende. Akija wa pili wa aina hiyo, kunja vifaa.

Ufuoni muwe watu watatu: wa fimbo, wa waya, na wa mkasi. Wa waya avae glavu na asiuzungushe mkononi hata mara moja. Papa akistuka, waya uliozungushwa huondoka na vidole. Mkiingia majini burutieni miguu chini, maana samaki taa hulala kwenye tope na mwiba wake ni adhabu. Akikuchoma, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha nenda hospitali. Kitambaa cha kukazia jeraha linalovuja damu kiwe mfukoni, kisiachwe garini.

Mzuieni samaki kwenye maji ya magotini, kichwa kikitazama mawimbi ili maji yaingie mdomoni na kutokea kwenye matamvua. Papa hawa hupumua kwa kusonga mbele. Msimpandishe mchangani, na msimwinue kwa mkia: hana mbavu za kubeba matumbo yake, na akitoka majini uzito wake mwenyewe huyaponda. Msiingize mkono kwenye matamvua, wala msimkalie mgongoni.

Mwenye mkasi asimame nyuma ya pezi la ubavuni. Mkasi ni ule wa kukatia vyuma, wa kukata milimita 10. Ujaribu nyumbani kwa ndoana ileile. Kata shina la ndoana, vuta kipande kilichobaki. Kama ndoana imeingia kooni, usiifukue. Kata waya karibu iwezekanavyo na mdomo. Chuma cha kawaida kitaliwa na kutu. Kazi yote isizidi dakika 2, na urefu upimwe wakati huohuo kwa utepe ulionyooshwa ubavuni.

Kumwachia: shika mzizi wa pezi la mgongoni na shina la mkia, msukume mbele tu. Kumrudisha nyuma na mbele kama wengi wafanyavyo hupitisha maji kinyume kwenye matamvua. Tembea naye hadi maji ya kiunoni, usipite hapo. Mkia ukianza kupiga na mwili kukukataa mkononi, mwachie. Akilala ubavu, mweke sawa na uanze tena.

Watu watakusanyika na watauliza kwa nini mnaacha kitoweo kiende. Papa wa chumvi ni chakula cha heshima hapa na swali lao ni la haki. Wajibu vizuri: jike wa Carcharhinus leucas huchukua zaidi ya miaka 10 kabla ya kuzaa, hubeba mimba kama miezi 10 au 11, na huzaa watoto wasiozidi 13 hivi. Mzee yeyote aliyetia jarife atakuelewa.

Kabla ya kutega tena, pitisha vidole kwenye ile nailoni nene yote mita 5. Ukihisi ukwaruzo popote, hasa mita 2 za karibu na waya, itupe nyumbani, si ufuoni, na ufunge mpya.