Jibu: Kununua bondi za serikali ya Marekani kwa kadi ya mkopo ili upate maili za ndege

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, ni kweli zamani watu huku Marekani walinunua bondi za serikali kwa kadi ya mkopo wakaenda nyumbani kwa tiketi za maili, yaani zile pointi za shirika la ndege unazobadilisha na tiketi? Pili, wewe uliyepo Houston unaweza kufanya hivyo leo kupitia tovuti ya Hazina, yaani wizara ya fedha ya Marekani? La kwanza ni kweli tupu, na mimi ni mmoja wao. La pili hapana. Hao wanaokwambia "jaribu tu" hawajawahi kufungua akaunti yenyewe. Ifungue uone: inataka namba ya akaunti ya benki, pa kuweka kadi hapapo.

Ngoja nieleze ilivyokuwa. Ukishajua nani alikuwa analipa gharama, utajua na kwa nini imekufa.

Miaka hiyo nilikuwa Minnesota, zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na wikiendi ghalani, maboksi ya kweli siyo ya kusimuliwa. Uwanja wa Minneapolis ulikuwa ngome ya shirika la ndege la Northwest, na Northwest walikuwa na ushirika na KLM ya Uholanzi. Maili za Northwest zinakufikisha Amsterdam, pale unadaka KLM inayotua Kilimanjaro halafu Dar. Kwa Mtanzania wa Minnesota hiyo ndiyo ilikuwa barabara kuu ya nyumbani. Kadi yao ilitoa maili moja kwa kila dola. Sasa mbeba maboksi anapitisha dola ngapi kwenye kadi kwa mwezi? Kodi ya nyumba ilikuwa kwa cheki, kwa hiyo kinachobaki ni chakula, mafuta ya gari na bili ya simu. Tiketi ya ndani ya Marekani tu, kwenda na kurudi, ilikuwa maili 25,000. Kwa mwendo huo mama atakusubiri sana.

Hazina walikuwa wanauza hati za akiba za karatasi, ndizo bondi zenyewe, kwenye tovuti yao, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kupokea kadi. Kulikuwa na aina mbili. EE ilikuwa inauzwa nusu ya thamani iliyoandikwa usoni, yaani hati ya dola 100 unailipia 50 halafu inakua. I, iliyoanza Septemba 1998, unailipia thamani kamili. Riba ya I ina sehemu mbili: moja unaikuta siku ya kununua na inakaa hivyo hivyo maisha yote ya hati, nyingine inafuata mfumuko wa bei na kubadilishwa kila baada ya miezi sita. Aliyenunua kati ya Mei na Oktoba 2000 alipata ile ya kudumu kwa asilimia 3.6, na ukijumlisha na ya mfumuko wa bei alianza na asilimia 7.49 kwa mwaka. Sitegemei kuiona tena hati ya akiba ya namna hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba ulipolipa kwa kadi hukuongezewa hata senti. Kila ukichanja kadi, muuzaji anakatwa ada, na sehemu ya ada hiyo ndiyo benki ya kadi inatumia kununua maili kutoka shirika la ndege ikakupa wewe. Dukani ada hiyo imo tayari kwenye bei ya sukari, kwa hiyo maili umejinunulia mwenyewe bila kujua. Kwenye bondi haikuwemo popote. Unalipa dola 1,000, unapata hati ya dola 1,000 yenye riba, na maili 1,000 juu yake. Ada ilibebwa na serikali, yaani nauli yangu ya kwenda kumwona mama ilichangiwa na walipa kodi wa Marekani. Na mimi nikiwemo, maana makato kwenye malipo yangu hayakuwa ya mchezo.

Kulikuwa na utamu mwingine ambao wengi hawakuushtukia. Hati za akiba zinahesabu riba tangu tarehe 1 ya mwezi ulionunua, hata ukinunua mwezi unaisha. Chukua mfano: umenunua tarehe 27 Machi, riba yako inaanzia tarehe 1 Machi. Kama kadi yako inafunga hesabu tarehe 20 ya kila mwezi, ununuzi huo unaingia kwenye bili ya Aprili, na bili hiyo unatakiwa kuilipa katikati ya Mei. Machi na Aprili zote zimekuingizia riba na hujatoa mfukoni hata dola. Mimi nilikuwa na kalenda ukutani jikoni, tarehe za kufunga hesabu za kadi nimezizungushia kalamu nyekundu. Wenzangu niliokaa nao walidhani ni siku za kliniki.

Kutoka pia kulikuwa na kanuni zake. Wakati ule ulitakiwa kukaa na hati miezi sita ndipo uiuze, na ukiiuza kabla ya miaka mitano wanakukata riba ya miezi mitatu. Ukiwa na dola 10,000 kwenye ile ya asilimia 7.49, ukatoka baada ya miezi sita, faini imeshakatwa unabaki na riba ya kama dola 187. Pesa yote umerudishiwa na maili 10,000 zimo kwenye akaunti. Pesa ile ile unaizungusha tena. Kikomo cha I kilikuwa dola 30,000 kwa mwaka kwa kila namba ya hifadhi ya jamii, na EE kikomo chake peke yake, hivyo mke na mume wenye akiba nzuri waliweza kukusanya maili nyingi bila kununua hata kiatu. Kingine, riba yenyewe inatozwa kodi ya serikali kuu lakini ya jimbo hapana. Kwa mtu wa Minnesota hilo lilikuwa jambo. Wewe wa Texas halikuhusu, jimbo lenu halitozi kodi ya mapato.

Nasisitiza neno akiba. Mimi pesa niliyoizungusha ilikuwa ya mchezo. Tulikuwa na mchezo wa Watanzania pale mjini, zamu yako ikifika unapokea mkupuo, na wangu ulikuwa wa kiwanja. Badala ya kuuacha benki ukisinzia nauweka kwenye hati, bili ya kadi ikija nalipa yote kwa pesa ambayo tayari ninayo. Jamaa yetu mmoja aliona maili tu. Alinunua hati kwa kadi wakati hana kitu benki, akawa analipa kile kiwango cha chini kila mwezi. Kadi inamtoza asilimia 18 na hati inamlipa 5 au 6. Tiketi alipata, ila kwa riba aliyolipa angenunua tiketi taslimu na zawadi za ndugu juu yake.

Halafu kuna benki zenyewe. Moja ya kadi nilizokuwa nazo ilibadilika ghafla, ikaanza kuhesabu ununuzi wa hati kama umetoa pesa taslimu kwenye mashine: ada papo hapo, riba tangu siku ya kwanza, maili hakuna. Dawa yake ni ile ile mpaka leo, ishike. Piga simu, waambie washushe kikomo chako cha kutoa taslimu kiwe sifuri au karibu na hapo. Muamala wa namna hiyo ukipita utakataliwa, na kukataliwa hakuna ada.

Hati zilikuja kwa posta, ndani ya bahasha ya kawaida. Za I zilikuwa na picha za watu: ya dola 50 Helen Keller, ya 100 Martin Luther King, ya 500 Jenerali Marshall, ya 1,000 Albert Einstein. Mama mdogo alikuja kukaa nami kipindi kile, akaona wale akina Einstein wamepangwa mezani, akauliza, "Mwanangu, huyu mzee mwenye nywele timutimu ndiye anayekulipia nauli?" Nikamwambia ndiye. Siku ya kuziuza unakwenda nazo benki, unasaini nyuma mbele ya dada wa kaunta, naye anaangalia thamani ya kila moja kwenye kompyuta huku foleni nyuma yako inakohoa. Nilikuwa nachagua Jumanne asubuhi. Na kila mwenye hati za karatasi aandike namba zake mahali pengine. Hati ikipotea au ikiungua, Hazina wanakurudishia ukiwa na namba. Bila namba utazungushwa.

Mwisho wake ulikuja kwa hatua mbili. Tarehe 1 Februari 2003 miezi sita ikawa miezi 12, kwa hiyo kuzungusha pesa kukapungua kasi. Riba nayo ilikuwa imeshuka, ile ya kudumu ya I ilikuwa asilimia 1.1 kuanzia Mei mwaka huo. Kisha tarehe 31 Desemba 2003 wakaacha kabisa kupokea kadi, wakawasukuma watu kwenye akaunti za mtandaoni zinazovuta pesa benki moja kwa moja. Ukiwa wewe ndiye Hazina, unakopa kwa wananchi halafu unalipa ada ya kadi kwa kila dola unayokopa, ungefanya nini?

Serikali hiyo hiyo ilinaswa tena kwa njia nyingine. Mwaka 2008 kiwanda chao cha sarafu kilianza kuuza sarafu za dola moja kwa thamani yake halisi, kadi inapokelewa na usafirishaji bure, ili sarafu zienee mitaani. Watu waliagiza maboksi ya sarafu 250, wakayapeleka benki hata bila kuyafungua, wakalipia bili ya kadi. Ilikwisha Julai 2011 walipozuia kadi. Hiyo sikuigusa, mgongo wangu ulikuwa umeshabeba vya kutosha.

Sasa leo. Hati za I na EE unanunua mtandaoni kwa akaunti ya benki tu, kikomo dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka kwa kila aina. Ulikuwepo uchochoro: unalipa kodi ya mapato kwa kadi zaidi ya unachodaiwa, halafu ile ziada unayorudishiwa unaomba ije kama hati za I za karatasi, mpaka dola 5,000. Kuanzia 1 Januari 2025 hati hizo za karatasi hazitolewi tena, kwa hiyo anayekutumia "mbinu" hiyo WhatsApp anakuuzia maziwa yaliyoganda.

Kilichobaki ni kulipa kodi yenyewe kwa kadi. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaruhusu kupitia kampuni za malipo, ila ada unabeba wewe, inakaribia asilimia 2. Kwa maili moja kwa dola usijisumbue, unazinunua kwa bei mbaya. Panapolipa ni kwenye kadi mpya. Tuseme inakupa maili 60,000 ukitumia dola 4,000 ndani ya miezi mitatu, na unadaiwa kodi ya kiasi hicho na pesa unayo. Ada haifiki dola 80. Hapo fanya, tena bila kusita.

Na usianze kununua vitu vinavyofanana na pesa ukidhani umegundua mlango mpya. Mahakama ya kodi ya Marekani mwaka 2021 ilitoa hukumu ya akina Anikeev, mke na mume waliovuna zaidi ya dola 300,000 za zawadi za kadi ndani ya miaka miwili kwa kununua kadi za zawadi na hundi za posta. Za kadi za zawadi walisamehewa. Zilizotokana na hundi na kujaza salio la kadi moja kwa moja zilihesabiwa ni mapato ya kutozwa kodi, kwa sababu hapo hujanunua kitu, umebadilisha pesa kwa pesa. Bondi ingeangukia upande gani? Mimi nisingependa kuwa mtu wa kujaribiwa.

Kuna aliyeuliza kuhusu hati fungani za BoT, Benki Kuu ya Tanzania. Zinalipiwa kupitia akaunti ya benki, na kadi nyingi za nyumbani zinatoa salio lako mwenyewe, siyo mkopo. Lakini ile ya miaka 25 ilipotoka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Kwa riba hiyo maili za nini?

Kwako wa Houston, usijifunge na kadi ya shirika moja. Northwest walimezwa na Delta, maili zetu zikahamia huko mwaka 2009, na tangu 2015 Delta hawachapishi hata jedwali la tiketi inahitaji maili ngapi. Tafuta kadi yenye pointi unazoweza kuzihamisha. Ukizipeleka Flying Blue, mpango wa maili wa KLM na Air France, unapata KLM kupitia Amsterdam. Ukizigeuza Avios, ndizo maili za Qatar Airways, unapata ndege ya Qatar, inayotoka hapo hapo Houston kwenda Doha, kisha Dar. Angalia kwanza nafasi ya tarehe zako ipo ndipo uhamishe, maana zikishahama hazirudi. Taja kadi ulizonazo na mwezi unaotaka kusafiri, nitakuandikia njia ninayoiona nafuu.